Dubu Asiyetoshea Kwenye Fremu

Katika matoleo 17 ya kwanza ya The New Mutants, jarida la katuni la Marvel lililoanza Machi 1983, hofu inasemwa kuliko inavyoonekana. Mwandishi Chris Claremont aliwakusanya kwenye shule ya Profesa Xavier vijana waliozaliwa na nguvu za ajabu: Sam, aliyewahi kuchimba makaa ya mawe Kentucky, Rahne wa Uskoti, Roberto wa Brazili, Xi'an wa Vietnam, na Danielle (Dani) Moonstar, Mcheyenne, anayeweza kuivuta hofu iliyojificha moyoni mwa mtu na kuipa sura mbele ya macho yake. Mchoraji angetaka nini tena? Lakini Bob McLeod, na baada yake Sal Buscema, walichora kwa mistari safi na fremu zilizopangwa vizuri. Hata jinamizi lilikuwa na kingo. Ni kazi nadhifu, wala msomaji hapotei. Ila kuogopa, haogopi.

Agosti 1984, toleo la 18, kalamu ikashikwa na Bill Sienkiewicz. Dani anatoka usiku na upinde wake kwenda kumkabili dubu anayeamini kuwa ndiye aliyewaua wazazi wake. Theluji kwa sehemu kubwa ni karatasi iliyoachwa wazi, na juu yake dubu ni wino mtupu. Hana mstari wa kumzunguka, hivyo jicho halijui manyoya yanaishia wapi na usiku unaanzia wapi. Ukubwa wake nao haushikiki: mara ni mnyama, mara ni mlima uliojaa ukurasa, na msichana amebaki kidoa chini kabisa. Anayetafuta maumbile sahihi ya dubu atasema mchoraji amekosea. Mimi nasema hapo ndipo alipopatia, kwani kitu kinachopimika kinaweza kupigwa mshale kikafa.

(Toleo hilohilo linamleta Warlock, kiumbe wa mashine kutoka angani anayebadilika umbo kila mara. Mchoraji huyu asingeweza kuombewa mhusika bora zaidi.)

Claremont, kama kawaida yake, hanyamazi. Kwingineko wingi wa maneno yake huchosha: mtu anarusha ngumi huku akitueleza kwamba anarusha ngumi. Hapa maneno yamepata kazi. Dani anajisemesha kama mtu anayepita makaburini peke yake, na herufi ndogo za mwandika-herufi Tom Orzechowski, zilizojipanga kwa utulivu, zinazidi kuonyesha jinsi picha zilivyopoteza utulivu huo.

Tatizo linakuja toleo la 20. Upanga wa Illyana, mwanafunzi mwenzake Dani, unampasua dubu, na ndani yake wanatoka wazazi wa Dani, hai. Kitu ambacho wino ulikataa kukichorea mpaka, hadithi inakifungua kama sanduku na kutuonyesha kilichomo. Tena kuna doa baya zaidi. Polisi na muuguzi, Wazungu wote wawili, walioshikwa na nguvu za dubu wanageuzwa sura wakawa kama Wenyeji wa Amerika, na vita vikiisha wanabaki hivyo. Kwa hiyo sura ya watu wa Dani mwenyewe ndiyo inayotumika kama alama ya kudhuriwa na pepo, na Claremont, asiyewahi kukosa la kusema, hapo anapita haraka.