Asidi ya Salisiliki: Mti Ulionyesha, Kiwanda Kikatengeneza

Dawa nyingi za chunusi hubandikwa picha ya jani, na muuzaji hukuhakikishia kwamba asidi iliyomo imetoka kwenye gome la mti. Kemia yake haisemi hivyo.

Gome la mwerebi, mti unaoota kando ya mito ya Ulaya, lina salisini, ambayo bado si asidi. Johann Buchner aliitenga mjini Munich mwaka 1828. Miaka 10 baadaye, Mwitalia Raffaele Piria akaivunja: sukari ya glukosi ikabaki kando, na sehemu ya pili, ilipooksidishwa, ikatoa asidi ya salisiliki.

Aliyeachana na mti ni Mjerumani Hermann Kolbe. Kufikia 1860 alikuwa akianza na fenoli, iliyopatikana katika lami ya makaa ya mawe. Fenoli huchanganywa na soda kali hadi iwe chumvi ya sodiamu, ikakaushwa, kisha ikapashwa moto pamoja na kaboni dayoksaidi. Katika miaka ya 1880 Rudolf Schmitt aliongeza shinikizo kubwa, na mavuno yakapanda. Gesi hiyo hujipachika kwenye pete ya fenoli, jirani kabisa na oksijeni, kwa kuwa sodiamu huishikilia hapo. Mwishowe hutiwa asidi ya salfuriki, na fuwele nyeupe zikajitenga, maana lita nzima ya maji baridi huyeyusha gramu 2 hivi tu. Viwanda vingali vikifuata njia hiyo.

Kuchukia maji na kupenda mafuta ndiko kunakoifaa ngozi: asidi hupenya vinyweleo vilivyoziba na kulegeza seli zilizokufa. Lakini inayopenya vizuri ni molekuli ambayo haijapoteza haidrojeni yake. Kwenye pH 3, karibu nusu ya molekuli ziko hivyo. Kwenye pH 4 hazifiki hata moja kati ya 10. Kwenye pH 5 hubaki kama moja kati ya 100. Ndiyo maana chupa mbili zilizoandikwa asilimia 2, kiwango cha juu kinachoruhusiwa Marekani kwa dawa za chunusi zisizohitaji cheti cha daktari, zinaweza kutofautiana sana usoni.

Molekuli ya asidi hii, C7H6O3, ni ile ile hata itoke wapi. Kwa hiyo mnunuzi aulize asilimia na pH. Lebo ikitaja dondoo la gome peke yake, ajue analipia salisini.