Nafsi ya Kwanza katika Habari za Beni na Butembo

Msikilizaji wa redio za Kivu ya Kaskazini anaujua kwa moyo muundo huu: raia kadhaa wameuawa na waasi wanaodhaniwa kuwa wa ADF. Tangu mauaji ya Beni yalipoanza Oktoba 2014, muundo huo umerudiwa hata umekuwa kama kiitikio. Wako wanaousifu kwamba hauegemei upande. Lakini ni nani anayedhani? Kauli ya kutendwa imemficha, na huko kuficha nako ni msimamo.

Kando ya muundo huo imezidi kusikika nafsi ya kwanza: mkulima aliyeponea shambani, mjane, muuguzi. Wapo wanaoiona kuwa uigaji wa magazeti ya Ulaya. Wamesahau kwamba maisha ya Tippu Tip, yaliyochapishwa Berlin kwa Kiswahili mwaka 1902–1903, yanasimulia safari zake za Kongo kwa kiambishi hichohicho ni-. Tofauti ni kwamba huyo alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa mwenye bunduki. Leo anayesema "niliona" ni yule aliyekimbia bunduki.

Hata hivyo, nafsi ya kwanza haileti ukweli kwa kuwapo kwake tu. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, waliopona waliombwa kusimulia ili wenzao wakubali matibabu. Kazi hiyo iliokoa watu, wala siidharau. Wagonjwa walikuwa 3,470 na waliofariki 2,287. Lakini ushuhuda uliochaguliwa kwa sababu unaishia katika kupona ni uhamasishaji. Watu wa Butembo walikuwa wakiuliza jambo jingine: kwa nini ugonjwa uwe miongoni mwa sababu za kuahirisha uchaguzi wao wa Desemba 2018 hadi Machi 2019, ilhali rais alikwisha kuapishwa Januari? Simulizi la aliyepona halikuweza kulijibu swali hilo. Hapo ilihitajika kazi ya kawaida ya mwandishi, yaani kuuliza wakubwa.

Tena kuna gharama. Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya jamii aliyeshiriki kuelimisha watu juu ya Ebola, aliuawa nyumbani kwake Lwemba, Ituri, Novemba 2019. Katika mji mdogo sauti hutambulika hata jina likifichwa. Mhariri anayemtaka shahidi aseme "mimi" hana budi kufikiri ni nani atakayeisikia sauti hiyo jioni.

Jambo moja linastahili kuchunguzwa na wanafunzi wetu wa isimu. Shahidi wa Beni, akiachwa aseme apendavyo, mara nyingi huanza kwa wingi: tulikimbia, tulilala msituni, tulizika. Ni swali la mwandishi, "wewe mwenyewe uliona nini?", linalomtoa katika "sisi" na kumweka peke yake.