Honi Isiyobonyezwa: Tafuta Chanzo Kabla ya Kufuta

Kichwa cha treni ya mfano kimesimama tuli kwenye reli, rimoti imelala mezani, na honi inalia. Wengi hukimbilia dawa moja: kuandika 8 kwenye CV8, kisanduku namba 8 cha kumbukumbu ya dikoda, ile saketi ndogo iliyofichwa ndani ya kichwa. Dikoda nyingi zikipewa namba hiyo hurudi zilivyotoka kiwandani, na mara nyingi honi hunyamaza. Hata hivyo, hatua hiyo ilistahili kuwa ya mwisho. Inafuta ushahidi wote kabla haujasomwa, na tatizo likirudi wiki ijayo, mwenye treni hana pa kuanzia.

Kinachosaidia zaidi ni kujua amri inavyofika. Katika mfumo wa DCC, uliotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kuwekewa viwango na chama cha NMRA cha Marekani, reli mbili hubeba umeme na maagizo kwa pamoja. Umeme hugeuza mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde: ukigeuka kila baada ya mikrosekunde 58 hivi, hiyo ni 1, ukichukua 100 au zaidi, ni 0. Baiti ya mwisho ya kila ujumbe ni ya ukaguzi. Isipolingana na zilizotangulia, dikoda huutupa ujumbe mzima. Kwa hiyo ni vigumu mno kwa uchafu wa reli kutunga amri ya honi. Uchafu unaweza kuumeza ujumbe, ila si kuuandika. Honi inayosikika safi, kama ilivyorekodiwa, imeagizwa.

Imeagizwa na nani? Wa kwanza kushukiwa ni mtambo wa kuongozea, kwa kuwa huhifadhi hali ya kila kitufe na kuirudia kwenye reli. F2, ambacho kwenye dikoda nyingi ndicho kitufe cha honi, kikipangwa kama swichi ya kuwasha na kuzima badala ya kitufe cha kubonyeza na kuachia, honi itaendelea mpaka kiguswe tena, na mitambo mingine hukumbuka hali hiyo hata baada ya umeme kuzimwa. Kibonyeze mara moja usikie. Mshukiwa wa pili ni anwani. Kwa kawaida vichwa vipya huja na anwani 3, hivyo viwili vikikutana kwenye reli zilezile, honi ya kimoja huwa ya vyote. Wa tatu, ambaye husahaulika sana, ni CV19: hapo hukaa anwani ya kundi pale vichwa kadhaa vinapovuta treni moja. Vikitenganishwa bila CV19 kurudishwa kwenye 0, kichwa huendelea kutii bwana wake wa zamani. Na si kila sauti ya ghafla ni hitilafu. Mlio wa breki wakati wa kupunguza mwendo, au kompresa inayoanza treni ikiwa imesimama, mara nyingi vimewekwa makusudi na mtengenezaji, na vina CV zake za kuvipunguza.

Sauti inayokatika kisha kuanza upya tangu kuwashwa kwa injini ni habari nyingine kabisa: dikoda imekosa umeme na kuamka tena. Zima taa za chumba, endesha kichwa polepole kwenye makutano ya reli, uikodolee macho taa yake ya mbele. Ikififia palepale sauti inapokatika, safisha reli na magurudumu kwa kitambaa chenye spiriti, kisha kagua vibati vinavyogusa magurudumu. Kapasita ya akiba husaidia, ila kuiweka juu ya uchafu ni kuahirisha kazi. Mkwaruzo unaosikika sauti ikipanda tu huelekeza kwenye spika iliyolegea au mkebe wake usioziba vizuri.

Mtu atasema: kama kufuta kunaponya, kwa nini kujisumbua? Kunaponya pale kosa lilipokuwa ndani ya dikoda, mathalani CV19. Hakuigusi kumbukumbu ya mtambo wala reli chafu, na pamoja na kosa huondoka anwani, mwendo uliorekebishwa kwa jioni kadhaa na viwango vya sauti. Pingamizi la pili, kwamba watengenezaji hutofautiana mno kiasi cha kutoweza kufuata utaratibu mmoja, lina uzito, kwani CV za sauti hazifanani. Lakini CV8 ileile inayotumika kufutia, ikisomwa badala ya kuandikwa, humtaja mtengenezaji: 151 ni ESU, 145 ni Zimo, 141 ni SoundTraxx. Isome kwanza, fungua mwongozo unaohusika, nakili thamani za CV1 (anwani), CV19 na CV29 (mipangilio ya msingi) kwenye karatasi, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Honi ikiendelea kulia baada ya hayo yote, andika 8, huku karatasi ikiwa mkononi.