Ufundi wa Kusimama Kando

Mwanza si mji wa kujitangaza. Hauna mlima wenye theluji wala Mji Mkongwe wa kupigia picha za kalenda. Mgeni anayefika hapa mara nyingi yuko njiani: anaelekea Serengeti kwa lango la Ndabaka, anasubiri meli ya Bukoba, au anatafuta gari la Musoma. Sisi wa Buzuruga tunawajua vizuri wasafiri hao, maana kwa miaka mingi mabasi ya Musoma, Bunda na Tarime yaliondokea kwenye stendi yetu, kabla kazi hiyo haijahamia Nyamhongolo. Walishuka na mabegi yao makubwa mgongoni, wakanunua maji ya chupa, wakashangaa kidogo namna nyumba zilivyopanda juu ya miamba, kisha wapiga debe wakawaingiza kwenye basi. Kwao Mwanza yote ilikuwa ni ile stendi.

Ndiyo maana nawapa heko waongoza wageni wa mji huu. Mwenzao wa Serengeti ana simba. Wa Zanzibar ana milango iliyonakshiwa, viungo na bahari ya chumvi. Huyu wetu kapewa mawe, dagaa, kisiwa cha kuzungukwa kwa miguu kabla chai ya saa nne haijapoa, na ziwa ambalo haliogwi ovyo. Kwa vitu hivyo anatakiwa kumtengenezea mtu siku nzima, tena mtu ambaye mawazo yake yalishafika kwa nyumbu tangu jana.

Wengi hudhani kazi yake ni kusema. Kusema lazima ajue, tena kwa lugha mbili tatu. Lakini ukishinda naye nusu siku utaona kwamba sehemu kubwa ya kazi anaifanya kwa miguu. Anajua mahali pa kusimama. Pale kisiwani Saanane, kwa mfano, kabla hajasema lolote kuhusu mijusi, anawazungusha wageni taratibu mpaka jua liwe mgongoni mwao. Asipofanya hivyo watakunja nyuso, watakinga macho kwa viganja, na hakuna atakayeona kitu juu ya jiwe linalometameta. Kisha anarudi nyuma hatua mbili, anatulia. Hanyooshi kidole. Mjusi dume wa kwetu, yule mwenye kichwa na mabega ya waridi na mwili wa buluu, ambaye wanasayansi walimpa jina la mji huu, Agama mwanzae, hupenda kupanda juu ya jiwe lililopata joto la asubuhi na kutikisa kichwa juu na chini kuwatambia madume wenzake. Akitokea, mgeni atakayemwona kwanza atapiga ukelele, na atakwenda kusimulia kwao kwamba alimwona yeye mwenyewe. Mwongozaji alishamwona kitambo. Hadai chochote.

Kisiwa chenyewe, narudia, ni kidogo. Hifadhi ya Taifa ya Saanane, ukijumlisha na maji yake, ina kilomita za mraba 2.18, na hakuna hifadhi ya taifa nchini iliyo ndogo kuliko hiyo. Boti ya kutoka Capri Point hufika kwa dakika chache tu. Nimewahi kusikia waongozaji wanaouombea radhi udogo huo kana kwamba wao ndio waliokikata kisiwa. Mwongozaji fundi, yeye huanza na mtu. Hapa, atasema, aliishi Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima. Serikali ikamhamisha, na mwaka 1964 pakawa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini. Hadhi ya hifadhi ya taifa ilikuja 2013. Akishayasema hayo hana haja ya kuongeza chumvi. Mgeni aliyekuwa akitafuta pundamilia na pimbi anaanza kujiuliza mzee alilima upande upi, na mtumbwi wake aliuegesha wapi.

Lakini mahali ninapompima mwongozaji ni Kirumba, sokoni Mwaloni. Pale kuna harufu, kuna makuli wenye magunia ya dagaa kichwani wasiokuwa na muda wa kumpisha mtu, kuna kayabo, samaki waliokaushwa kwa chumvi, waliofungwa kwa safari ya Kongo, na kuna kina mama waliokaa chini wakichambua dagaa kwa kasi ambayo macho hayaifuati. Hapo mgeni hutoa simu yake haraka kuliko mahali pengine popote. Na hapo ndipo unapomjua mwenye kazi yake. Anatangulia peke yake. "Shikamoo mama. Poleni na kazi. Nina wageni wangu, wanaomba kutazama." Halafu anasubiri aambiwe karibu, haendi na jibu lake mfukoni. Mama akisema picha hapana, ni hapana, na yeye ndiye atakayegeuka kuwaambia wageni warudishe simu mifukoni, ingawa anajua kuna mmoja atakayenuna, na kwamba bahashishi ya jioni huenda ikapungua kwa sababu hiyo.

Hiyo ndiyo sehemu ya ufundi huu ninayoiheshimu kupita zote, na sijaona ikisifiwa sana. Mwongozaji ana waajiri wawili. Mmoja anamlipa, ndiye yule mgeni mwenye kofia pana. Mwingine hamlipi kitu, hata hajui kwamba ana mtumishi: ni yule anayetazamwa. Mama wa dagaa hakuamka alfajiri ili awe maonyesho. Mtu pekee anayeweza kumlinda asigeuzwe kitu cha kutazamwa ni huyu kijana mwenye kitambulisho shingoni, anayesimama kati yao akijua lugha za pande zote mbili. Kila mji wenye wageni una watu wanaoishi kwa kuwauza wenyeji wao. Zanzibar wanawaita papasi, na kwetu nao hawakosekani pale wageni wanaposhukia. Papasi naye anaijua mitaa. Kinachomtofautisha na fundi ni kwamba yeye ana mwajiri mmoja tu, naye ni fedha.

Elimu yenyewe ya Mwaloni si ya kubahatisha. Dagaa huvuliwa usiku, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na za umeme wa jua. Mwanga huwavuta dagaa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili hawakusanyiki, wavuvi wengi hupumzika, na soko hupwaya. Kwa hiyo mwongozaji hodari wa Mwanza anahesabu mwezi kama mvuvi. Ukimwomba akupeleke kuona dagaa wanavyoanikwa kwenye chanja na mchangani, hakujibu kwanza kwa bei. Anatazama tarehe.

Na kuna suala la kuoga. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, takriban nusu yake ikiwa Tanzania, na mtu aliyetoka kwenye baridi akiona maji yote hayo na mchanga wa Igombe, mwili unamsisimka, anataka kujitosa. Anayetaka kumfurahisha tu atamwambia hakuna shida. Fundi atamweleza kuhusu kichocho, kuhusu konokono wanaokaa penye majani na maji yaliyotulia, na atamshauri akirudi kwao apime. Siku ya mgeni inaharibika kidogo. Anayemtakia mema hukubali hasara hiyo.

Kazi hii ina mzee wake, na mzee huyo alifika hapahapa. Tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke aliliona ziwa upande huu wa kusini na kulipa jina la malkia wake. Shuleni tuliambiwa aligundua, na waliokuwa wakivua samaki siku hiyo hawakutajwa. Naye Sidi Mubarak Bombay, mzee huyo ninayemsema, hakutajwa. Bombay alikuwa Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa, akaishi India miaka mingi hadi alipopata uhuru na kurudi Afrika Mashariki. Yeye na Speke walielewana kwa Kihindustani, na Bombay ndiye aliyeyageuza maneno kwa Kiswahili kwa watu wa njiani. Maana yake ni kwamba swali la Speke kuhusu ziwa hili, upana wake na linakoishia, lilipita kwanza kinywani mwa Bombay, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Baadaye alisafiri tena na Speke na Grant, akawa na Stanley mwaka 1871 katika safari ya kumtafuta Livingstone, kisha na Cameron mpaka pwani ya Atlantiki. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunuku nishani ya fedha. Speke ana ghuba nzima yenye jina lake hapo kaskazini mwetu. Bombay hana hata jiwe, na mawe Mwanza si haba.

Kijana ninayemfahamu, mzaliwa wa Mabatini, hutaja jina la Bombay kila anapowafikisha wageni mahali wanapoliona ziwa lote. Hulitaja mara moja tu, bila hotuba. Nilipomuuliza sababu alicheka, akasema, "Kaka, mtu hulitaja jina la fundi aliyemtangulia."

Safari ndefu ya siku, kwa wenye muda, hupita mbele ya nyumba zetu. Barabara ya Musoma inakata Buzuruga, Nyakato na Igoma hadi Kisesa, na kilomita zipatazo 20 kutoka katikati ya jiji ipo Bujora. Igoma ndipo penye mtihani. Wamezikwa pale watu wa MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikitokea Bukoba, imejaza kupita uwezo wake, na ikiwa imebakiza mwendo mdogo tu kufika Mwanza. Wako waongozaji wanaopapita kimya kabisa, na wako wanaopafanya hadithi ya kutisha ya kuchangamsha gari. Wote siwaelewi. Fundi huwauliza wageni wake kabla, wakiwa bado Nyakato, kama wangependa kusimama. Wakikubali anawapa tarehe, anawaeleza meli ilitoka wapi na ilikuwa imebakiza mwendo gani kufika, na baada ya hapo haongezi neno mpaka wamerudi kwenye gari. Mji huu una familia ambazo hadi leo hazipandi meli, na yeye huenda anatoka katika mojawapo.

Bujora ni raha tupu. Jumba la makumbusho la Wasukuma liliasisiwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na lilifunguliwa mwaka 1968. Kuna ngoma za watemi, kuna nyumba ya mhunzi na ya mganga, na kuna maonyesho ya namna ambavyo marika mbalimbali yalikuwa na maneno yao ya kuhesabu moja hadi kumi, vijana wachungaji wakiwa na yao, wasichana na yao, wazee na yao. Niliwahi kumwona mama mmoja mwongozaji akilifikia onyesho hilo. Hakueleza. Aliwagawa wageni makundi, wenye mvi huku, vijana kule, akawafundisha kila kundi hesabu yake, kisha akawaamuru wauziane ng'ombe wa kufikirika. Hawakuuziana hata ndama. Kwa dakika kumi watu wazima walibishana na kucheka machozi, na walipotoka walikuwa wamelijua jambo ambalo kibao cha ukutani kisingewafikishia.

Na ukibahatika kufika Juni, baada ya sikukuu ya Ekaristi, utakuta Bulabo, mashindano ya ngoma ya Bagalu na Bagika. Makundi hayo mawili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Siku hiyo mwongozaji mwenye akili anakaa kando kabisa. Anawaacha wageni wavutwe wenyewe na ngoma, wahame upande huu, warudi ule, wawe kura katika shindano bila wao kujua. Jioni ndipo anapowaambia walimpigia nani.

Siwasifu wote, na kazi hii haina ulaini ninaouchora. Msimu ukipungua, wengi hurudi kwenye bodaboda au duka la shemeji. London mtu hukesha akisoma na kufanya mitihani mizito ndipo avae beji ya buluu ya waongozaji. Kwetu kuna vyuo na leseni, lakini sehemu kubwa ya ujuzi bado mtu huirithi kwa kumfuata aliyemtangulia na kumsikiliza. Kwa hiyo uongo nao hurithiwa. Wenye kujiheshimu wana kanuni nyepesi. Likisimuliwa na wazee husema wazee wanasimulia, likiandikwa husema limeandikwa, na lile jiwe la Bismarck lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga hawaliongezei miujiza. Kwamba limesimama linatosha.

Wageni wagumu kuliko wote ni watoto wa shule za hapahapa. Mtoto wa Buzuruga hawezi kuuziwa miamba, anaianikia nguo. Niliambatana na darasa moja kwenda Saanane, na mwongozaji aliwasimulia habari za mzee wa kisiwa kama anavyowasimulia Wajerumani. Binti wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono. "Sasa yeye alihamia wapi?"

Angeweza kubuni. Nani angemkatalia? Badala yake akasema swali hilo ni zuri, kwamba jibu lake hana, na kwamba mhifadhi yupo ofisini. Akamweka binti yule mbele ya msafara wakaenda kumuuliza.