Kutoka Dhana Hadi Yakini

Katika nchi ya Wasukuma, tangu Shinyanga hadi machimbo ya dhahabu ya Geita, ambako wanaume hutoka mbali wakaishi makambini miezi mingi bila wake zao, wengi walidhani tangu zamani kwamba kidonda cha zinaa kisichotibiwa huurahisishia UKIMWI njia. Lakini dhana si yakini, na taadhima ya elimu ya afya ya jamii, kwa maoni yangu, ni ule uvumilivu wa kuivuka nafasi iliyo baina ya hizo mbili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika Mkoa wa Mwanza, ambao siku hizo ulijumuisha Geita, wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wakishirikiana na shirika la AMREF na wenzao wa London, walizipanga jumuiya 12 katika jozi sita, na katika kila jozi kura ikaamua ni ipi itangulie kupata tiba bora ya maradhi ya zinaa. Tiba yenyewe haikutaka maabara. Mgonjwa aliyeingia zahanati akiinamisha kichwa, akataja ndwele yake kwa kunong'ona, alisikilizwa faraghani, akakaguliwa, akapewa dawa siku ile ile kwa kufuata dalili zilizoonekana, kisha akaombwa amlete na mwenziwe.

Baada ya miaka miwili, wale waliokuwa hawana virusi vya UKIMWI walipimwa tena: walioambukizwa walikuwa 1.2 kwa mia palipoboreshwa tiba, na 1.9 kwa mia pengineko, yaani upungufu wa kadiri ya asilimia 40, uliotangazwa katika jarida la Lancet mwaka 1995. Msomaji azingatie kazi iliyo nyuma ya tarakimu hizo, maana katika nchi hii mtu aliyeandikwa daftarini leo aweza kesho kufuata tetesi za dhahabu, na hana budi kutafutwa.

Mwaka 1999 zikaja habari za Rakai, Uganda, ambako watu wote waligawiwa dawa kwa vipindi, wagonjwa na wazima, na maambukizo yasipungue. Wapo waliosema Mwanza imekanushwa. Mimi naiona hapo fahari kubwa kupita zote, kwani watafiti wa pande mbili hawakugombana, bali waliziweka takwimu zao pamoja, wakakuta kwamba Rakai janga lilikuwa la siku nyingi zaidi, na maradhi ya zinaa yanayotibika yalikuwa machache kuliko Mwanza.