Morfini Iliyobaki Kwenye Paja

Tarehe 24 Juni 1998, Kathleen Grundy, mjane wa aliyekuwa meya wa mji wa Hyde karibu na Manchester, Uingereza, alikutwa amefariki nyumbani kwake. Alikuwa na miaka 81, mzima wa afya na mwenye pilika zake. Daktari wake, Harold Shipman, alikuwa amemtembelea asubuhi hiyo hiyo. Kwenye cheti cha kifo daktari akaandika kuwa chanzo ni uzee, na bibi huyo akazikwa.

Kilichoamsha shaka ni wasia. Ulimwachia Shipman kiasi cha pauni 386,000, tena ulichapwa ovyo ovyo. Binti wa marehemu, ambaye ni mwanasheria, akaenda polisi. Tarehe 1 Agosti kaburi likafukuliwa.

Mtaalamu wa maiti haanzi kwa kusaka sumu. Huanza kwa kuondoa yale yasiyohusika: mishipa ya moyo imeziba? Kuna damu iliyoganda mapafuni? Ubongo umevuja? Mwili wa mzee karibu kila mara huwa na ugonjwa fulani, kwa hiyo swali gumu ni kama ugonjwa huo unatosha kuua. Kwa Bi Grundy haukuonekana ugonjwa wa namna hiyo.

Ndipo vipande vya ini na vya msuli wa paja vikapelekwa maabara. Paja lina sababu yake. Mtu akishafariki, dawa iliyojikusanya kwenye ini, mapafu na tumbo huanza kuvuja kwenda sehemu za jirani, na kipimo cha damu ya kifuani kinaweza kupanda bila marehemu kuwa amepewa dozi kubwa. Paja liko mbali na vurugu hilo, na baada ya majuma kadhaa ardhini msuli wake bado unasomeka.

Maabara ilikuta morfini, kwa kiwango cha kuua.

Diamofini, ambayo ni heroini ya hospitalini na ndiyo Shipman aliyotumia, ikichomwa mshipani hugeuka morfini ndani ya muda mfupi sana. Hulaza kile kituo cha ubongo kinachoamuru pumzi. Mgonjwa husinzia, pumzi hupungua, kisha hukatika. Hakuna jeraha wala purukushani. Wagonjwa kadhaa wa Shipman walikutwa wamekaa kwenye kiti, wamevaa nguo zao za kawaida, kama waliopitiwa na usingizi. Kinachoshangaza ni kwamba daktari alichagua dawa isiyotoweka upesi: hata miili iliyokaa kaburini zaidi ya mwaka bado ilitoa morfini.

Shipman alidai Bi Grundy alikuwa mraibu wa dawa za kulevya, akaonyesha maandishi yake kwenye faili. Lakini kuhusu wagonjwa wengine, kompyuta ya kliniki yake ilikuwa ikihifadhi kimya kimya saa halisi ya kila badiliko. Historia za ugonjwa zilizoonekana kuwa za miezi mingi nyuma ziliingizwa baada ya mgonjwa kufa. Maabara peke yake ingethibitisha dawa tu; saa ya kompyuta ndiyo iliyoonyesha mkono wa mtu.

Kati ya mashtaka 15 ya mauaji dhidi ya Shipman, miili tisa ilikuwa imezikwa na ikapimwa. Sita ilikuwa imechomwa, na majivu hayana morfini ya kupima. Mashtaka hayo sita ilibidi yathibitishwe kwa mfanano wa matukio: ziara ya daktari, kifo cha ghafla, faili iliyochezewa. Tarehe 31 Januari 2000 mahakama ya Preston ilimtia hatiani kwa yote 15, na uchunguzi wa Jaji Janet Smith ukabaini baadaye kuwa aliua watu wasiopungua 215.

Inauma kwamba onyo lilikuwepo. Machi 1998 Dkt. Linda Reynolds, aliyekuwa akiombwa kusaini fomu za kuchoma miili, aliripoti kuwa wagonjwa wa Shipman wanakufa wengi mno. Polisi walifunga jalada, na wagonjwa watatu zaidi wakauawa. Ni kuanzia Septemba 2024 tu ndipo sheria ya Uingereza na Wales ilipolazimisha kila kifo kisichopelekwa kwa mchunguzi wa vifo kikaguliwe na daktari wa pili asiyehusika.