Kuitambua Fomula Nzuri ya Kitenzi cha Kusababisha

Ukiletewa fomula ya mantiki inayodai kubeba maana ya kitenzi cha kusababisha, usibabaishwe na wingi wa alama zake. Tazama inaruhusu nini kifuate, na inazuia nini.

Chukua sentensi ya jikoni: Asha amechemsha maji. Anayeikubali hana budi kukubali pia kwamba maji yamechemka. Fomula iliyoandikwa CHEMSHA(Asha, maji) haikupi hilo, kwani kimantiki alama hiyo haina undugu wowote na CHEMKA. Mbovu zaidi ni ile inayoegemea "kama... basi": kama Asha aliwasha jiko, basi maji yalichemka. Katika mantiki ya kawaida, sharti likiwa la uongo sentensi nzima huhesabiwa kweli, hata kama siku hiyo Asha alishinda sokoni. Hiyo irudishe papo hapo.

Kazi zenye thamani zinatokana na Donald Davidson, ambaye mwaka 1967 aliyaingiza matukio yenyewe ndani ya fomula. Waliomfuata, akiwemo Terence Parsons mwaka 1990, wakayaunganisha kwa usababishi: lipo tukio t ambalo mtendaji wake ni Asha, lipo tukio u, la maji kuchemka, na t limesababisha u. Dondoa kipande cha katikati, utapata "maji yamechemka" bila kuongeza kanuni yoyote.

Hata hivyo, usiridhike mapema. Juma anampiga Ali mshale Jumamosi, Ali anakufa Jumapili. Tunaweza kusema Juma alisababisha Ali afe Jumapili kwa kumpiga mshale Jumamosi. Jaribu sasa: Juma alimuua Ali Jumapili kwa kumpiga mshale Jumamosi. Inakwama. Jerry Fodor alitumia mfano wa namna hii mwaka 1970 kuwabana waliodai kwamba kuua ni kusababisha kufa, basi. Kuua kunataka sababu ya karibu. Aliyemfichia dereva miwani hajaua mtu, ingawa ajali imetokana na yeye.

Kiswahili kina kipimo kikali zaidi: somesha. Mwalimu anamsomesha mtoto akiwa mbele ya ubao. Mama muuza vitumbua anamsomesha mtoto huyo huyo kwa kulipa ada, na pengine yeye mwenyewe hajui kusoma. Mshale mmoja wa usababishi hauwatenganishi wawili hawa. Fundi hodari ataonyesha kwamba kati ya ada ya mama na kusoma kwa mtoto yamepita matendo ya watu wengine. Mlipuaji ataandika fomula ile ile mara mbili.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni "nusura". Juma nusura amuue Ali: huenda mshale haukutoka upindeni, au ulitoka ukampata Ali, akaponea chupuchupu. Fomula nzuri ina nafasi mbili za kuliweka neno hilo, moja kwenye tendo la Juma na nyingine kwenye kifo cha Ali. Ukikuta nafasi moja tu, mwambie mwenyewe akaiandike upya.